Uji wa Salomon

Mtu aliyempigia Célestin alikuwa na sauti nzuri. Baadaye ni hilo lililomuuma kuliko hasara yenyewe: sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, asemaye taratibu, anayekuita Papa kwa heshima huku mkono wake umeshaingia mfukoni mwako.

Célestin alikuwa motari, dereva wa pikipiki za kukodi. Miaka ya nyuma alibeba watu, lakini siku hizi alibeba chakula. Mama Huguette, mwenye mgahawa karibu na bandari, alimfungia sanduku jekundu nyuma ya pikipiki na kuandikisha ubavuni namba ya simu ya Célestin kwa rangi nyeupe. Watu wa maofisini waliposikia njaa walimpigia yeye moja kwa moja. Walimlipa kwa simu, na jioni alimkabidhi Mama Huguette mapato yote. Kwa hiyo kila mchana simu yake ilikuwa na pesa isiyo yake, na walikuwepo watu mjini Kalemie waliolijua hilo.

"Njo wewe Papa Célestin?" ile sauti iliuliza. "Mimi Injinia Damien, natoka Kabimba. Niko na wageni ngambo ya Lukuga, kwenye nyumba ya geti la buluu. Utuletee bugali, mikebuka na sombe, ya watu wanane. Mama Huguette anajua kupika, wananiambia."

Célestin alipakia sahani nane za ugali, samaki na kisamvu, akaondoka. Alikuwa anakaribia daraja la mto Lukuga simu ilipoita tena.

"Papa, fanya pole. Dereva wangu amekwama njiani na wageni wengine, mafuta imemuishia. Mimi niko ndani ya mukutano, siwezi kutoka. Umutumie kidogo kwa simu. Ukifika tu, nakurudishia yote pamoja na ya chakula."

Célestin alisimamisha pikipiki kando ya barabara. Alianza kuhesabu kichwani pesa ya Mama Huguette, na yule mtu akahisi kusita kwake.

"Ukiona ni nguvu, hakuna shida," alisema. "Nitaita motari mwingine."

Hapo ndipo alipomshika. Oda ya watu wanane haiji kila siku, na mteja wa namna hiyo ukimpoteza leo, kesho anakula kwa mwingine. Célestin alituma. Akaambiwa kwamba haimtoshi dereva, akatuma tena. Alipofika ng'ambo, simu yake haikuwa na kitu.

Geti la buluu lilikuwepo kweli. Mlinzi alikuwa ameketi anatafuna karanga.

"Injinia? Hapa hapana injinia," alisema. Akaliangalia sanduku, akacheka kwa pua. "Na wewe pia wamekukula."

Célestin alipiga ile namba bila matumaini. Cha ajabu, yule mtu alipokea.

"Kula hizo sahani, Papa," alimwambia kwa upole uleule. "Usiache zipoe."

Mama Huguette hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akapokea ufunguo wa pikipiki, akasema kwamba asubuhi atampa na jioni ataupokea tena, pamoja na kila atakachopata, mpaka hasara yake irudi. Nyumbani, Séraphine alipika bila mafuta na hakumuuliza mumewe neno. Afadhali angeuliza. Kwenye kituo cha motari karibu na stesheni ya gari la moshi, wenzake walimpa jina la Injinia. "Injinia, dereva wako amefika?" walimuuliza kila alipopaki, naye alicheka pamoja nao, maana asingecheka ingekuwa vibaya zaidi.

Kicheko kilikwisha siku mwenzao Hénoc alipoliwa kwa hadithi ileile. Baada yake alifuata mwingine, baba wa watoto sita, naye aliuza pikipiki yake kwa hasara na kurudi kijijini kwao Bendera kulima. Tangu hapo, motari wakikaa kituoni hawakuongea kitu kingine. Walimtafuta yule mtu katika kila uso uliopita.

Siku moja ile sauti ilimpigia Ruffin, mwenzao wa kituoni. Ruffin alikuwa mjanja. Alikubali oda, alikubali mkutano, alimhurumia dereva aliyekwama. Kisha akasema, "Bosi, simu yangu inakatala kutuma leo. Lakini feza iko. Naiacha kwa Mama Francine, kwenye kabini yake ya feza ya simu, hapa gari la moshi. Umutume mutu wako akuje kuikamata."

Yule mtu alifikiri. "Sawa," alisema. "Namutuma dereva."

Walikuwa saba waliojificha karibu na meza ya Francine, mwanamke aliyeuza yuniti na kutoa pesa za simu chini ya mwavuli wa manjano. Célestin alikuwa mbele ya wote. Alishika kaski yake, kofia ngumu ya pikipiki, kwa kamba, ikining'inia kama ndoo. Jua lilikuwa kali. Kila mtu aliyemkaribia Francine, Célestin alihisi damu ikimpanda shingoni.

Mwishowe alifika kijana mwembamba juu ya pikipiki iliyokuwa na sanduku la chakula nyuma. Hawakumjua. Kutwa alifanya kazi upande wa Kataki na hakupaki kwao. Alimsalimia Francine kwa adabu na kusema, "Mama, nimekuja kukamata feza ya Injinia Damien."

Lile sanduku ndilo lililowaharibu akili. Wizi wa mtu wa mbali wangeweza kuuvumilia, lakini huyu alikuwa motari, mtu anayekula vumbi kama wao. Célestin alitoka wa kwanza, akamuuliza, "Wewe njo dereva wa Injinia?"

"Ndiyo, kaka," kijana alijibu, bado anatabasamu. "Njo yeye amenituma."

Célestin alimpiga taya kwa kaski. Kilisikika kitu kikivunjika, sauti kavu, naye aliisikia vizuri na hakuacha. Wengine wakaja juu yake. Kijana alianguka kati ya magurudumu ya pikipiki yake, akajikunja, akajaribu kusema kitu, lakini mdomo ulikuwa haumtii tena. Hénoc alimkanyaga uso kwa kisigino. Mtu mmoja aliita, "Célestin, muongeze," na Célestin akamwongeza. Francine aliwasihi waache mpaka sauti ikamkauka. Watu waliokuwa wanapita walisimama kutazama, na walipoambiwa ni mwizi wa simu, wengine walisogea kusaidia.

Kisha simu ililia chini, kwenye mavumbi. Ilikuwa simu ya yule kijana. Célestin aliiokota.

"Salomon," ile sauti nzuri ilisema, "umeshakamata ile feza? Wageni wako na njaa."

Célestin alikuwa anahema.

"Ah," sauti ilisema. "Huyu hapana Salomon. Nani? Ruffin?" Ilisikiliza makelele. "Hapana, njo Célestin. Unahema kama siku ile ya geti. Muko wengi, nasikia. Mumemupiga?"

"Tumekushika," Célestin alisema, ingawa tayari alijua hawakumshika mtu.

"Yule hajui kitu. Nilimupigia asubuhi ya leo, kama vile nilikupigia wewe. Nilimuambia apitie feza yangu kwa Mama Francine, ninunulie chakula nayo, aniletee. Motari muzuri, hakuuliza maswali." Alipiga ulimi, kama mtu anayeonja kitu. "Basi, mumalize kazi yenu."

Akakata.

Ruffin aliyasikia yote, kwa kuwa alikuwa amesogeza sikio. Alimwangalia kijana aliyelala chini, akawaangalia wenzake, akasema kwa sauti ndogo, "Twende." Pikipiki ziliwaka moja baada ya nyingine. Célestin aliiweka ile simu juu ya meza ya Francine, naye akaondoka. Francine na mlinzi wa stesheni ndio waliompakia Salomon kwenye mkokoteni na kumsukuma hadi hospitali.

Jioni ileile motari walipatana: hapana mtu aliyeona kitu. Polisi hawakuja. Ile namba haikupatikana tena, na baada ya siku chache motari mmoja wa Lubuye alipigiwa na Injinia mwingine, mwenye sauti ileile na jina jipya.

Wiki ya pili Célestin alipigiwa na mwanamke.

"Njo Papa Célestin mwenye kupeleka chakula? Mimi Denise. Bwana yangu iko hospitali, walimuvunja taya. Hawezi kutafuna. Mimi nauza samaki ya ndakala sokoni, saa sita siwezi kuacha meza. Nilikuwa nataka mutu wa kumupelekea uji."

Célestin alitamani kusema kwamba namba si yake. Lakini akikataa, mwanamke ataanza kujiuliza kwa nini. "Bwana yako anaitwa nani?" aliuliza.

"Salomon Mwamba. Tulitoka Ankoro mwaka huu."

Alikubali. Mara ya kwanza alitaka kuacha bakuli kwa nesi na kukimbia, lakini siku hiyo Denise alikuwa ameacha meza yake, anamsubiri kando ya kitanda, mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye macho yaliyochoka. "Papa Célestin, karibu," alisema. "Salomon, huyu njo mwenye kukuletea uji."

Salomon alikuwa amefungwa meno kwa waya. Jicho moja lilifunikwa bandeji. La pili lilimtazama Célestin na halikupepesa.

Célestin alijiambia kwamba hamkumbuki. Yalikuwa makelele, vumbi, watu saba. Nani angekumbuka uso? Denise alipotoa pesa, alizikataa. Alisema amewahurumia. Denise hakusisitiza. Alizirudisha ndani ya kitenge na kumpa kijiko. "Umulishe basi," alisema. "Mimi mutoto ananilia."

Ikawa hivyo kila siku. Saa sita, kabla ya wateja, Célestin alipika uji wa mahindi kwa jiko la Mama Huguette, akaukoroga ukawa mwepesi wa kupita kwenye waya, akautia maziwa aliyonunua mwenyewe. Alimwinua Salomon, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu. Mabibi waliouguza wagonjwa wengine walimsifu. Walisema motari wa Kalemie ni wahuni wote isipokuwa huyu. Na Célestin, jambo la kutisha, alianza kupendezwa. Alitembea wodini kama mtu wa kanisa. Usiku alilala. Mara nyingine alimwangalia Salomon akimeza na kuona kwamba yeye ndiye anayemponya, na kwamba jambo lile la kituoni lilifanywa na watu wengine, wakali, aliowajua kwa mbali.

Ila lile jicho. Halikuacha kumtazama, na kadiri uvimbe ulivyopungua lilizidi kufunguka. Daktari alipotoa bandeji ya upande wa pili, chini yake jicho lilikuwa jeupe, limekufa. Salomon hangeendesha tena. Siku hiyo Célestin aliamua kwamba imetosha.

Alimkuta Denise uani, anafua shuka la mumewe.

"Mama Denise, Mama Huguette ameniongezea kazi," alisema. "Kuanzia kesho sitaweza. Nitakutafutia motari mwingine, mutu muzuri."

Denise aliendelea kusugua. "Motari mwingine wa nini?"

"Wa kuleta uji."

"Sikutafuta motari, Papa Célestin. Hata watoto wa jirani wangeleta uji." Alilikamua shuka polepole, maji yenye damu yakamwagika miguuni mwake. "Bwana yangu hakuweza kusema, lakini alisikia. Mutu aliita jina wakati mulikuwa mukimupiga. Nilienda gari la moshi, nikauliza motari wenye kupaki pale wanaitwa nani. Nikarudi, nikamutajia moja moja. Kwa lako alifunga jicho. Njo siku ile nilikupigia."

Célestin alifungua mdomo kusema habari za Injinia, za sauti, za jinsi na yeye alivyoliwa.

"Usiniambie," Denise alisema. "Najua yote, Mama Francine alinieleza. Polisi nitawapatia nini? Watakula feza yangu, wewe utalala ndani siku mbili, utatoka. Hapana. Nilitaka ukuje. Nilitaka akuone kila siku ukimubembeleza, na wewe ukidhani haujulikane. Alikuwa anacheka na jicho, Papa. Haukuona? Nilikuwa sina kitu kingine cha kumupatia."

Alitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha vizuri pembe zote.

"Sasa unajua," alisema. "Utaendelea kuleta. Siku usipokuja, nitasimama katikati ya soko nitaje jina lako na la wenzako wote sita. Motari walimupiga mutu kwa neno moja tu. Wewe watakupiga kwa mangapi?"

"Mpaka lini?"

Denise alichukua beseni, akaingia wodini. Célestin alimfuata, bakuli mkononi, kwa kuwa hakujua aende wapi pengine.

Waya ulikuwa umetolewa asubuhi ile. Salomon alikuwa ameketi, mgongo ukutani. Célestin alichovya kijiko na kukipeleka mdomoni kwake. Salomon alifungua mdomo, akapokea, akaushikilia uji shavuni bila kumeza. Akamtazama. Kisha akamtemea wote usoni.

Bibi mmoja wa wodini alianza kusema pole, akaacha. Uji ulimchirizika Célestin puani na kuingia kwenye kola ya shati, bado wa moto.

"Ongeza," Denise alisema.

Célestin alichovya kijiko tena.