Kibao cha Mwisho cha Twalib

Siku lori lilipopinduka Kiabakari, mwaka wa hamsini na tisa, Twalib fundi redio alikuwa amekaa juu ya mizigo, anarudi Musoma. Walimzika kesho yake. Mkewe, Shani, akaingia eda.

Eda haijaisha, shemeji yake Alawi akaja kukagua chumba cha uani, karakana ya marehemu.

"Shemeji, hapa nitapangisha. Ukitoka eda, urudi kwenu Bunda."

"Na redio ya Thadeo wa Butiama? Kibao chake cha ndani kiliungua, anangoja kipya."

"Fundi yuko kaburini."

"Mimi nilikuwaga namshikia kazi. Nikiimaliza?"

Alawi akainua mtungi wa kioo. Ndani mlikuwa na dawa inayokula shaba kwenye kibao mpaka zibaki njia za umeme tu. Ilikuwa imechoka, imekuwa kahawia.

"Kwa togwa hili?" Akacheka. "Haya. Redio ikiimba, chumba chako."

Alipoondoka, Shani alifungua dirisha, akatia asidi kidogo mtungini, akazamisha mpira wa pampu ya baiskeli, akasukuma hewa kama mumewe alivyokuwa akifanya. Mabega yalimuuma. Polepole ukahawia ukaondoka, dawa ikarudia ukijani wake mkali. Akatumbukiza kibao cha mwisho kilichobaki karakanani, ambacho Twalib mwenyewe alikuwa amekichorea njia zake kwa rangi ya kuikinga shaba isiliwe. Kilitaka muda mfupi tu, na jicho juu yake.

"Hodi! Shani, mwanangu!"

Shangazi Mwanaupe, kutoka Bunda. Mazishi hakuyawahi. Akamwangukia shingoni akilia kwa sauti.

"Hata uso wake sikuuona!"

"Shangazi, niache kidogo, nina kitu uani."

"Uende wapi, nami ndiyo kwanza naingia? Kaa tulie, mwanangu."

Mfiwa hamwachi aliyekuja kumlilia. Shani akakaa. Mwanaupe akauliza lori lilivyoanguka, akaelezwa, akalia, akauliza tena. Shani naye alilia, macho mlangoni.

Alipofika uani, dawa ilikuwa imepenya chini ya rangi. Njia zote zilikuwa zimekatikakatika kama uzi uliogugunwa na panya.

Alawi alikigeuza kibao mkononi. Safari hii hakutania.

"Pole, shemeji."

Thadeo alichukua redio yake ikiwa wazi nyuma. Chumba amepanga fundi cherehani. Shani anakaa Kabasa, huko kwao Bunda, kwa kaka yake, anauza chumvi.