Kidole Gumba cha Marehemu

Mjane alisimama nyuma ya mchapaji, mkoba kwapani, akamwamuru kwamba kabla hajachapa kitabu cha maisha alichokiacha marehemu mumewe, atafute kwanza maneno "mke wangu".

Mchapaji akayaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kompyuta ikajibu kuwa hakuna.

"Rudia."

Akarudia. Hakuna.

"Kitabu kizima!" mjane akafoka. "Mashine yake ya taipu imo hadi kwenye jalada, mimi niliyemuuguza mpaka mwisho simo. Basi usichape. Futa!"

Mchapaji hakufuta. Alikuwa ameona kwenye kioo cha kompyuta kwamba maneno yameachana kupita kawaida. "Samahani, mama. Marehemu alikuwa anaachaje nafasi kati ya maneno?"

Mjane akakikumbuka kile kidole gumba. Kitufe cha nafasi cha mashine ile kuukuu kilikuwa kigumu, hakishiki mpaka kipigwe mara mbili, na mazoea hayo mumewe alihamia nayo kwenye kompyuta. Hata hospitalini, sauti ilipokwisha kabisa, kidole kiliendelea kugonga shuka, mbili, mbili.

"Mbili," akasema.

Kumbe kompyuta ilikuwa ikitafuta nafasi moja, na marehemu hakuwahi kuacha moja. Mchapaji akaweka mbili. Kioo kikajaa alama za njano, ukurasa baada ya ukurasa.

Mjane akatafuta kiti, akaketi.

"Nizipunguze nafasi sasa, mama, maandishi yakae vizuri?"

"Thubutu! Ukigusa hata moja, mwanangu, tutakosana."