Picha Ipo, Mwangaza Haupo

Zulekha alikuwa anaihariri video, amefika pale bi arusi anapofunuliwa uso, kioo cha kompyuta kikaingia kiza.

Kompyuta yenyewe haikuzima. Feni ilikuwa bado inavuma chini ya viganja vyake, na kijitaa cha ubavuni kilikuwa kinawaka kama siku zote. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaizima, akaiwasha upya. Ikatoa ule mlio wake wa kuamka, halafu kioo kikabaki cheusi, na ndani yake hakuona kitu ila sura yake mwenyewe.

Zulekha anakaa Jadida, Wete, na kazi yake ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Wenye harusi humwita yeye kwa sababu wanamjua: anachokipiga ndani hakitoki nje. Siku ya kuoneshwa bi arusi wanawake huvua mabuibui, vichwa wazi, nywele zimesukwa, shingo zinameta dhahabu, na hucheza kama watu wasiotazamwa. Zulekha huipeleka video kwa mama wa bi arusi, mkono kwa mkono, na kwake hakibaki kitu. Lakini hii ya Saada, binti wa Bi Mwatima wa Tumbe, alikuwa hajaimaliza. Harusi nzima ilikuwa bado imo humo ndani.

Jioni mumewe, Msellem, aliporudi kutoka kazini Chake, akaigeuzageuza kompyuta, akairudisha mezani.

"Kesho naipitisha kwa Abdulsamad," alisema. "Yule fundi hashindwi na kitu."

"Humo mna wake za watu, Msellem."

"Abdulsamad si mtu wa kuchungulia vya watu."

"Najua. Simtilii shaka yeye. Lakini akishaitengeneza ataiwasha aone kama imepona, si ndiyo? Na pale dukani kwake hapakosi wanaume watano wamekaa wanapiga soga. Na ile programu hujifungua yenyewe pale nilipoishia. Kikiwaka tu, mtu wa mwanzo kuonekana ni Saada."

Msellem akauliza, "Sasa utafanyaje?"

"Sijui," alisema Zulekha, na kweli hakujua.

Asubuhi, Msellem alipokwishatoka, akaiwasha tena, si kwa matumaini, bali kwa vile mtu hawezi kuacha kuligusa jino linalouma. Chumba kilikuwa na kiza kidogo, akawasha tochi ya simu atafute kitufe. Mwanga ukapita juu ya kioo kwa mshazari. Zulekha akashtuka, mkono ukarudi nyuma. Akamulika tena pale pale, taratibu.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone!"

Bi Mwanawema, mama wa Msellem, alikuja na miwani yake mkononi. Akainama, akaivaa, akatazama pale mwanga ulipoangukia. Ndani ya ule weusi alikuwamo mtu, hafifu kama aliyekaa chini ya maji: paji la uso, kipini cha pua, ukingo wa shela.

"Yumo!" alisema Bi Mwanawema. "Ntoto wa watu yumo, hajenda popote!"

"Yumo. Ila haonekani."

"Kwani picha na mwangaza si kitu kimoja?"

Zulekha akamtazama mkwewe. Hilo swali lilikuwa la maana kuliko yote aliyojiuliza yeye tangu jana. Siku zote alidhani kioo kikizima kimezima, basi. Sasa akaona kwamba mna vitu viwili: kuna kinachochora picha, na kuna kinachoimulika kwa nyuma. Cha kwanza kizima. Cha pili ndicho kilichokatika. Wapi?

Akaomba ashikiwe simu, akaanza kukifunga na kukifungua kifuniko kidogo kidogo. Kilipofika katikati kioo kikawaka mara moja, kikazima. Akakirudisha pale pale. Kikawaka tena.

"Umeona?"

"Nnaona," alisema Bi Mwanawema. "Hapo pana kitu kinagusana na kuachana."

Zulekha akapeleka kidole kwenye bawaba ya kushoto, ile anayoishika kila siku anapoiinua kompyuta kwa mkono mmoja. Plastiki ilikuwa imepasuka, na alijua imepasuka tangu zamani, ila hakuwahi kufikiri kwamba chini yake mnapita kitu.

Kutwa nzima akatazama video za watu mtandaoni. Wengine walisema lugha asiyoifahamu, lakini mikono yao ilifahamika. Akajifunza kwamba betri huchomolewa kwanza kabla ya kugusa chochote. Akajifunza pia kwamba diski, ile inayohifadhi kila kitu, ni kipande kidogo kama kadi, na hutoka peke yake. Hapo moyo ukatulia. Hakuwa na haja ya kutengeneza. Angetoa diski tu, akaifungia kabatini, na kompyuta tupu ikaenda kwa Abdulsamad bila ya mtu wa Tumbe kuingia aibuni.

Kwa nia hiyo ndiyo akakaa juu ya mkeka kesho yake, na bisibisi ndogo ya kukazia miwani ya Bi Mwanawema. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi, mahali pale pale ilipokuwa chini ya kompyuta, zisije zikabadilishana, maana nyengine zilikuwa fupi na nyengine ndefu. Kifuniko cha chini kilikataa kutoka. Akapitisha ukucha pembeni, kikalia *ka!* na Bi Mwanawema akafunika mdomo.

"Umeivunja?"

"Vishikizo tu hivyo. Nafikiri."

Kikalia *ka, ka, ka*, kikatoka.

Wote wawili wakainama. Zulekha alitarajia fujo la nyaya, kama redio ya zamani. Alichokiona kilikuwa nadhifu kama chumba cha mtu msafi. Betri pana nyeusi. Feni, imejaa vumbi la kijivu lililoshikana mithili ya pamba. Bomba bapa la shaba likitoka kwenye feni kwenda katikati.

"Na hili bomba linapitisha nini? Maji?" aliuliza Bi Mwanawema.

"Joto, nadhani. Linalitoa ndani linalipeleka kwenye feni."

"Basi na hili vumbi limeziba njia. Masikini, ilikuwa haipumui."

Zulekha akachomoa waya wa betri. Akaiona diski, akafungua skrubu yake moja, ikainuka yenyewe kwa pembe. Akaivuta. Harusi nzima ya Saada, mabibi na mashangazi na vigelegele vyao, ilikuwa imelala kwenye kiganja chake, nyembamba kuliko biskuti. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Alichokusudia kilikwisha. Kilichobaki ni kurudisha kifuniko na kumpigia Msellem simu.

Lakini alirudi mkekani akakaa. Alikuwa anautazama waya mmoja mwembamba mweusi, uliotoka kwenye ubao wa katikati, ukapita ukingoni, ukaingia chini ya bawaba ya kushoto. Ukipanda juu, kwenye kioo.

"Mbona hufungi?" aliuliza Bi Mwanawema.

"Mama, nataka kujua huu unaishia wapi."

Bi Mwanawema akaivuta miwani yake juu ya pua. "Na mie nataka."

Fremu ya kioo ilitoka kwa shida zaidi. Zulekha alitumia kadi ya plastiki aliyoinoa ukingo, akaipitisha pole pole, akisimama kila aliposikia kitu kinalalamika. Ilipotoka, chanzo kikaonekana waziwazi, bila ya kuhitaji ufundi. Plastiki iliyopasuka ilikuwa imeiachia bawaba, na bawaba, kila kifuniko kilipofunguliwa, ilikuwa ikiuvuta ule waya. Mpaka kichwa chake kikatoka nusu mahali pake nyuma ya kioo. Upande mmoja kimeshika, upande wa pili kimeinuka. Picha ilikuwa inapita upande ulioshika.

Zulekha akahisi kitu kinampanda kifuani, karibu na kicheko. Alikuwa anauona ugonjwa wenyewe kwa macho, umekaa pale, mdogo kama punje ya mtama. Akakibonyeza kile kichwa kwa ncha ya kidole, mpaka kikakaa sawa. Akaufunga waya kwa utepe, akaulegeza kidogo usivutwe tena. Bawaba akaigandisha kwa gundi kali, akaiwekea kitu kizito, wakaenda kusali adhuhuri.

Baadaye akaisafisha feni kwa brashi, akairudisha fremu, diski na kila skrubu mahali pake. Akabonyeza kitufe.

Kimya. Hapakuwa na mlio, hata kile kijitaa cha ubavuni hakikuwaka.

Akabonyeza tena. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa kipofu, sasa yeye ndiye aliyeiua, na harusi ya watu ndani. Zulekha akafumba macho, akairudia kazi yote kichwani tangu mwanzo: skrubu, kifuniko, kisha...

"Betri!" alisema. "Sijachomeka betri!"

Akafungua tena, akachomeka, akafunga. Alipobonyeza safari hii, feni ikavuma, na kioo kikawaka cheupe mpaka wakakunja nyuso. Saada akatokea na uso wake uliofunuliwa nusu, mkono wa mwanamke mwengine ukiwa bado umeshika pindo la shela.

Bi Mwanawema akapiga kigelegele peke yake mle chumbani.

Video ilifika Tumbe kabla ya Ijumaa. Bi Mwatima hakuambiwa lolote. Lakini gundi haikuwa ya kuaminika, na Zulekha akaenda kwa Abdulsamad kuulizia bawaba mpya. Akamweleza alivyoifungua mwenyewe na kwa nini hakumletea, fundi akamsikiliza, mikono juu ya meza.

"Betri ulichomoa kwanza?"

"Nilichomoa. Kurudisha ndiko nilikosahau."

Abdulsamad akacheka. "Hilo hunipata hata mimi. Na ule waya uliupitisha ndani ya kijitundu chake, au juu?"

"Kuna kijitundu?"

"Kipo, chini ya bawaba. Ukiupitisha juu utachomoka tena." Akamwonesha kwa kompyuta nyengine iliyokuwa wazi, na Zulekha akainama mpaka ushungi ukakaribia kugusa meza.

Fundi akaisogeza ile kompyuta kando. "Dada Zulekha, wanakuja wanawake hapa na simu zao, na kompyuta. Nikiwaambia ziacheni, wanazichukua wanarudi nazo. Sikuwahi kuwauliza kwa nini. Leo ndiyo nimefahamu."

"Mimi nimefungua moja tu, kaka."

"Kila mtu alianzia moja." Akavuta droo, akatoa kompyuta chakavu isiyo na kifuniko. "Hii mwenyewe ameisusa. Ukiiharibu hakuna wa kulia. Ifungue mpaka mwisho, kisha uje unambie umeona nini."

Zulekha aliibeba chini ya buibui mpaka Jadida. Bi Mwanawema alimkuta mlangoni, akaipokea, akaitikisa karibu na sikio. Ndani kitu kikagongagonga.

"Na hii imekufa kwa nini?"

"Hata Abdulsamad hajui," alisema Zulekha, na tayari alikuwa anavua viatu.