Wanaotoka Matangani

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya siki, na ndani yake wanaume wanne walikuwa wakiliteremsha jeneza la Bi Salud kaburini, huku binti yake akikata vitunguu. Ilikuwa saa nne asubuhi Dubai, saa nane mchana kule kwao Antique. Perlita alimaliza vitunguu vya supu, akahamia vya tambi, na alipoangalia tena jeneza halikuonekana. Mdogo wake Rodel, aliyeishika simu upande wa pili, aligeuza kamera ukatokea uso wake uliovimba kwa kulia.

"Umeona, Ate?" aliuliza. Ate ni dada mkubwa, awe wa tumbo moja au wa kupanga naye chumba.

"Nimeona."

"Unalia?"

"Ni vitunguu," alisema Perlita, na huo ulikuwa uongo. Macho yake yalikuwa makavu. Baada ya miaka kumi na tisa ya jikoni, vitunguu vilikwisha kumkatia tamaa.

Tangu Alhamisi, Rodel alipopiga simu kusema mama amelala na hakuamka, Perlita alikuwa akingoja uchungu uje. Msiba aliujua, amepika katika matanga mengi ya wenzake. Alijua mtu huanguka, hupiga yowe, hushikwa mikono. Yeye alipokata simu alimalizia kuosha mchele. Siku ya pili akapika, ya tatu akapika. Kilichobadilika ni ulimi tu: chumvi haina habari, ukwaju hauna habari, na mpishi mkuu wa mkahawa wa Lutong Panay, aliyezoea kujua kwa ncha ya kijiko supu imepungukiwa na nini, sasa alikuwa akimwita Jovelyn, mhudumu wa mezani, amwonjee. Watu walimsifu wakisema amejaliwa moyo wa subira. Subira gani? Mtu husubiri anapokuwa na kitu kinachomuuma, na yeye ndani alikuwa amekufa ganzi. Jambo hilo ndilo lililomtisha, kwa kadiri alivyoweza kutishika: kwamba anayeshindwa kumlilia mama yake huenda amekwisha kuacha kuwa mtoto wa mtu.

Kwenda angeweza kwenda. Bi Ditas, mwenye mkahawa, si mtu mbaya. Alhamisi ile ile alimwambia, "Nenda ukamzike mama yako. Nitaingia jikoni mwenyewe, na watu watakula hivyo hivyo kwa kunihurumia." Perlita akajibu kwamba pasipoti yake iko ofisi ya viza. Rodel naye akaambiwa hayo hayo. Pasipoti ilikuwa sandukuni, chini ya kitanda chake, imeviringishwa ndani ya kitambaa.

Sababu yake hakumwambia mtu, maana ingesikika ya kitoto. Miaka mitano nyuma, alipokwenda likizo, mama yake alimpakulia kwenye sahani za maua. Sahani hizo tangu zamani zilikuwa za padri na za wageni kutoka mjini, na watoto wa nyumba ile walichapwa kwa kuzigusa tu. Perlita alipoingia jikoni kumenya fenesi alitolewa kwa adabu: kaa, mwanangu, umechoka na safari. Mama huyu huyu aliyemlea mwiko mkononi, aliyemwita mvivu mbele ya majirani kwa kuunguza mbaazi, sasa alimuuliza kwa upole kama chakula kimekolea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Perlita alikaa siku ishirini na moja, na jembe hakupewa. Alirudi Dubai akiwa na hakika kwamba kwao amekuwa mtu wa kukaribishwa. Sasa angekwenda kuzika kama nani, na angeketi wapi?

Kulikuwa na jambo jingine la siku hiyo. Asubuhi, kabla hajatoka, Ate Lorna alimsimamisha mlangoni. Lorna ndiye aliyekishika chumba chao cha vitanda sita. Mkataba ulikuwa kwa jina lake, na sheria za humo zilikuwa zake pia, kuanzia zamu ya bafu hadi saa ya kuzima taa.

"Leo unazika," Lorna alisema. "Ukitoka kazini usije hapa moja kwa moja. Upitie mahali."

Perlita alimwelewa. Kwao, mtu akitoka matangani hafululizi nyumbani. Hupitia mahali, popote pale, akaketi, akala, akajikung'uta, ili marehemu aliyemfuata nyuma apoteane naye huko huko, asije akaingia nyumbani na kutafuta mwingine wa kumsindikiza.

"Nitakuwa jikoni, Ate. Sitakuwa matangani."

"Si utaangalia kwenye simu? Macho yakishafika, umefika."

"Basi mkahawa si ndio mahali penyewe? Watu wote huja kujikung'uta kwetu."

"Wao wanatoka kwingine. Wewe jikoni ndiko utakakozikia. Nenda pale kona, kwa yule mtu wa Batangas, uketi, unywe hata kahawa." Lorna akashusha sauti. "Nakwambia kwa wema, Perlita. Tuko wanawake sita humu, na kila mmoja kaacha wazee na watoto kwao. Ukituletea maiti chumbani, kitanda chako nampa mwingine leo leo. Na ulie basi, mwanamke. Unatutia hofu."

"Nitapitia," Perlita alisema, kama mtu anayeagizwa mkate.

Saa saba mkahawa ulijaa, na Jovelyn akachungulia jikoni.

"Ate, meza ya dirishani wako wanane, wanatoka matangani. Matanga ya yule dereva, Nestor, wanamsafirisha kwao kesho. Wanataka supu mbili za ukwaju, tambi, na samaki mkubwa kuliko wote. Wanasema wana njaa ya kufa."

"Njaa ya kufa, leo?"

"Ndivyo walivyosema, si mimi."

Kupitia kidirisha cha kupitishia sahani Perlita aliwaona: nguo nyeusi, mashati meupe, nyuso zilizolia zikaoshwa. Mzee mmoja mwenye kipara aligonga kiti kitupu kilichokuwa kando yake.

"Nestor, ndugu yangu, shuka hapa," alisema. "Mwisho wa safari. Hapa utakula vizuri kuliko kwa mkeo."

"Kwanza wewe vua shati lake," mwanamke mmoja alimwambia. "Unataka asikufuate na umemvalia shati?"

Walicheka mpaka mmoja wao akaanza kulia tena, wakampigapiga mgongoni, wakamsogezea tambi. Perlita aliwatazama wakila. Watu kama hao alikuwa amewalisha kwa miaka kumi na tisa, naye hakuwahi kufikiri jambo lililomjia sasa. Kama mambo hayo ni kweli, basi Lutong Panay ilikuwa na marehemu wengi kuliko viti: mafundi, mayaya, mabaharia, madereva, wote wameachwa humo na watu waliowapenda, wakashiba, wakaondoka bila kugeuka. Alijiuliza wanakula nini. Kisha Jovelyn akaita samaki, naye akamgeuza kwenye mafuta.

Saa tisa jikoni hufungwa mpaka saa kumi na mbili, na kila mtu huenda kulala kidogo. Perlita alivua aproni, akatoka kwenye jua la mwezi wa saba, akaelekea kona kama alivyoagizwa. Hakuwa na mawazo yoyote. Alikusudia kuketi, kunywa kahawa, kuhesabu dakika kumi na kuondoka.

Mkahawa wa mtu wa Batangas ulikuwa mdogo, na mlangoni alisimama mhudumu wa makamo aliyepaka nywele rangi.

"Karibu, Ate," alisema. "Mko wangapi?"

"Wawili."

Neno lilimtoka lenyewe. Mhudumu alichukua orodha mbili za vyakula, akaangalia nyuma ya Perlita, akaangalia barabarani.

"Mwenzako anaegesha gari?"

Perlita naye akageuka. Hapakuwa na mtu, palikuwa na joto tu na magari. Akatazama ndani. Meza ya watu wawili ilikuwa kando ya jokofu la soda, chini ya televisheni iliyokuwa ikionyesha mashindano ya kuimba, na harufu iliyomfikia ilikuwa ya supu ya pakiti. Hapo ndipo alipopaswa kumwacha. Na mama yake angeketi. Bi Salud angeketi pale pale alipoonyeshwa, kikoba magotini, bila kugusa kitu, katikati ya watu asiowajua, na angengoja mpaka wafunge na siku ya pili mpaka wafungue, kwa sababu angedhani binti yake amekwenda chooni.

Uchungu ukaja. Haukuja na hodi. Perlita akalazimika kushika fremu ya mlango wa watu.

"Ate, vipi?" mhudumu aliuliza.

"Tumeghairi," alisema. "Samahani sana. Twende, Mama."

Yule mtu aliangalia nguo nyeusi ya Perlita. Alirudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba, akawapisha.

Perlita alikwenda bila kusimama. Hakuingia duka la dawa ambako huingia kila siku kupoza jasho, wala hakupumzika kwenye kivuli cha kituo cha basi, maana alijua sasa kwamba kusimama popote ni kumpoteza. Taa ya wavukao kwa miguu ilipowaka nyekundu alisimama kwa kulazimishwa, na kwa kuwa aliogopa, akaanza kuongea ili sauti yake isikike na kufuatwa.

"Ngoja hapa, Mama, karibu nami. Hawa hawasimami kwa mtu. Haya, sasa. Joto ndilo hili nililokuwa nikikwambia, nawe ukasema naongeza chumvi. Pale penye mlango wa bluu ndipo masanduku niliyokutumia yalipokuwa yakitokea. Ule msikiti tukishaupita, tumefika."

Watu walimpisha. Katika jiji lile kila mtu huongea peke yake na waya sikioni, na hakuna aliyeuona waya kwamba haupo.

"Pasipoti ilikuwa sandukuni, Mama," alisema. "Haikuwa ofisi yoyote. Sikuja tu."

Hakusikia jibu, wala hakutegemea kulisikia. Lakini jibu alilijua, neno kwa neno, na sauti yake na mwiko wake: mvivu mkubwa wewe, hata kuzika unaona uvivu. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, katikati ya njia, kama alivyolia siku ya mbaazi. Mzee mmoja wa Kipathani alimpa chupa ya maji aliyokuwa akinywa, akaenda zake. Perlita alikunywa huku akitembea.

Ghorofani, mbele ya mlango wa chumba, hofu nyingine ilimjia. Akifukuzwa leo, atalala wapi, na yeye na mama yake wataenda wapi na jua hili? Neno moja lilitosha kumwokoa. Angesema amepitia kona, na Lorna angeridhika, na hakuna ambaye angejua. Akagonga.

Lorna alifungua nusu, mkono mmoja kwenye fremu. Nyuma yake wenzao wawili walikuwa wamejilaza vitandani.

"Umepitia wapi?"

Perlita alijifuta uso kwa kiganja.

"Sikupitia popote, Ate. Nimekuja naye."

Kitanda kimoja kililia. Mtu aliinuka akaketi, na mwingine akajifunika shuka hadi utosini. Lorna hakusogea. Aliutazama uso wa Perlita, uliolowa na kuvimba na kuwa mwekundu, kisha akatazama juu ya bega lake, ukumbini, ambako hapakuwa na kitu ila milango ya watu na taa moja inayopepesa. Alitazama huko kwa muda mrefu.

"Baba yangu mimi nilimwacha kwenye duka la simu, Deira," Lorna alisema hatimaye, polepole. "Mwaka wa kumi na moja huu. Sijui hata kama duka lenyewe bado lipo."

Akaondoa mkono mlangoni.

"Mwambie avue viatu. Nimepiga deki sasa hivi."