Mlango wa Nyumba Nambari Tisa

Hadiya hakuwa mtu wa kushuku kila kitu. Alishuku yaliyomhusu tu, na mwenye binti mmoja, jamani, lipi lisilomhusu? Kwa hiyo siku Bashir alipokuja na mjomba wake kumposa Nuria, mwaka ule wa hamsini na sita, mjane huyu aliwapokea mwenyewe, shela imemfunika na kuacha macho tu, na hayo macho hayakupepesa.

Kijana hakuwa na kasoro. Dereva wa lori la viazi, Molo hadi Nakuru, mpole, haangalii huku na huku.

"Na wazazi wako, mwanangu?" Hadiya akauliza.

"Mama alinizaa hapa hapa Nakuru, akafa sijatimiza wiki. Mwaka ule wa maradhi, thelathini na moja. Mtaa wa Mafundi, nyumba nambari tisa. Ninayo hata barua yake, yenye anwani hiyo..." Bashir akatia mkono mfukoni.

Mzee Shariff, mjomba mtu, akakohoa kikohozi kisichotoka kifuani.

"Ya kale hayo," akasema. "Mtaa wenyewe ulishabomolewa, haupo. Mtoto nilimlea mimi, Molo, kwa maziwa ya mbuzi."

Lo! Nani aliyemuuliza habari za maziwa?

Hadiya akawaambia wampe siku saba. Walipotoka, Shariff akichechemea kwa mguu wake wa kushoto, aliketi pale pale hata uji wa Nuria ukapoa.

Maana Mtaa wa Mafundi aliujua. Aliolewa huko akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huo huo wa maradhi mtoto wake wa kwanza alikufa ana siku sita, maziwa yakabaki yamejaa kifuani yakimuuma. Ndipo mkunga akamletea kitoto kilichofiwa na mama, kimefungwa kwenye kanga. Alikinyonyesha siku arobaini, kisha kikachukuliwa na ndugu zake kwa treni. Jina la mama yake hakuambiwa. Alikuwa bibi harusi wa kukaa ndani, mtaa akiuona kwa dirisha. Alichojua ni kwamba mkunga alitokea nyumba ya mbele, yenye mlango wa buluu uliochongwa nyota juu ya komeo. Nambari yake? Nani angempa nambari mwanamke asiyetoka nje?

Lakini mayatima mwaka ule walikuwa wengi, na wanyonyeshaji pia. Kama Bashir ndiye, basi yeye na Nuria ni ndugu wa ziwa moja, na ndoa yao haramu mpaka siku ya kiyama. Kama siye, atakuwa amemvunja mwanawe moyo kwa wasiwasi wa bure. Na Nuria, maskini, alikuwa keshaanza kuimba jikoni.

Asubuhi akaenda kuutafuta mtaa. Akakuta uwanja wa malori na mikalitusi imepandwa kwa mstari. Hapakuwa na jiwe wala kibao, na vijana aliowauliza walimcheka kwa adabu. Ila Hadiya alijua jambo moja ambalo halimo katika ramani yoyote: watu wetu wakihamishwa hawaachi mlango. Kiwanja si chako, ukuta ni udongo, lakini mlango ulitoa jasho kuununua. Amri ya kubomoa ilipotoka, kila mtu aling'oa wake akaubeba kichwani hadi mtaa wa Bondeni, na nambari yake ikiwa imeandikwa juu. Mtaa haukufa, ulitawanyika.

Basi akazunguka Bondeni siku tatu akisoma milango. Nambari nne aliikuta chooni kwa watu. Kumi na moja ilikuwa kwa muuza nyama, imejaa mafuta. Na hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, za misako ya askari wa serikali ya kikoloni, mtu akitazama nyumba yako mara mbili unaficha hata sufuria.

"Hadiya anahesabu milango siku hizi," wakanong'ona. "Anampelekea nani habari?"

Jirani aliyekuwa akimwazima chumvi akamfungia dirisha usoni. Iliuma, we! Kushukiwa na watu waliokula pilau ya harusi yako! Lakini hakuacha.

Siku ya nne, mwenye nambari nane akamwambia tisa iliuzwa zamani kwa Masinde, mfanyakazi wa reli. Hadiya akaenda mpaka kwenye nyumba za reli. Masinde akampeleka nyuma, kwenye jiko lake la mabati. Mlango ulikuwa wa kijani, unanuka rangi mbichi.

"Umeupaka lini?"

"Juzi. Si mimi, mama. Wewe ni mtu wa pili kuulizia hii mlango wiki hii. Kuna mzee alikuja, akasema anataka kunisaidia, akapaka mwenyewe mpaka jioni. Nikashangaa, mzee mzima anapaka rangi jiko ya mtu!"

"Mzee wa namna gani?"

"Anachechemea. Mguu ya kushoto."

Njia ya mwongo fupi, wahenga hawakukosea. Hadiya akaomba kisu. Akakwangua juu ya komeo, kijani ikabanduka, chini yake buluu, na ndani ya buluu nyota, pembe moja imevunjika kama alivyokuwa akiiona dirishani. Akakwangua tena pembeni mpaka tisa ikajitokeza. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao akalia, na hakujua anamlilia Nuria au kile kitoto.

Masinde akasimama na kopo mkononi. "Rangi ilibaki, mama. Nikufunikie?"

Wallahi, alilitazama lile kopo. Mpako mmoja tu wa brashi, na nani angejua? Nuria angeendelea kuimba.

"Hapana," akasema. "Uache hivyo hivyo."

Siku ya saba wakaja. Nuria alikuwa mlangoni mwa jikoni, uso umemjaa furaha. Shariff alipouona mkono wa Hadiya, kucha zina kijani, akainama.

"Ulinijua tangu siku ya kwanza," Hadiya akamwambia.

"Nilikujua kwa jina. Mimi ndiye niliyekuja kumchukua kwako, mkunga akanitolea mlangoni." Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha. "Amekataliwa nyumba tatu, Hadiya, kwa kuwa hana watu. Nikasema Mungu atanisamehe."

"Hana watu?"

Hadiya akamwacha mzee ameinamisha kichwa vile vile. Alisimama mbele ya Bashir, akaivuta shela kutoka usoni, akaitoa na kichwani pia, nywele zake zenye mvi zikaonekana, mbele ya kijana ambaye mpaka siku ile hakustahili kumwona hata unywele mmoja. Bashir akageuza macho kwa haya.

"Nitazame, Bashir. Si haramu kwako. Nilikunyonyesha siku arobaini."

Huko nyuma bakuli likaanguka. Nuria alikuwa ameshaelewa pale shela iliposhuka, kabla mama hajalitamka neno la kunyonyesha. Hadiya alimsikia akilia, akataka kugeuka, lakini kijana alikuwa amepiga magoti, ameuficha uso katika viganja vyake, anasema "mama" kwa mara ya kwanza kwa mtu wa kumwitikia.

Akamwitikia. Kisha akamwita na Nuria.

"Njoo, mwanangu," akasema, naye analia. "Njoo umsalimu kaka yako."

Nuria hakuja.