Maua ya Mzee Yahaya

Jumamosi asubuhi Emiliana alifunga maandazi kwenye kitambaa, akatia barakoa nne za kitenge mkobani. Noeli, mwanawe mdogo, akauliza ya nne ya nani.

"Ya baba yenu," akajibu, akafunga mlango kwa kufuli.

Luka, mumewe, alikuwa ameahidi safari tangu Krismasi. Wakati ule walisema Bagamoyo, lakini kwa ugonjwa huu nani akae ndani ya basi saa nane nzima? Ikawa Hombolo, bwawani, karibu na nyumbani kiasi kwamba ukisahau chumvi unarudi kuichukua. Luka alifariki Februari, sasa ni Juni. Lakini ahadi ni deni, na kufa hakukumbadilisha tabia.

Alifika bwawani saa nne, akitokea upande wa mashamba ya zabibu, amevaa ule mfuko wa plastiki wa hospitali aliozikwa nao. Alikuwa ameupandisha magotini usishike vumbi.

"Shikamoo baba," wakasema watoto.

"Marahaba. Chai ipo?"

Editha, binti mkubwa, alimpa barakoa. Luka akaivaa, akakaa mbali kidogo na mkeka, maana alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alimfundisha Noeli kutupa ndoano, wakapata perege watatu. Ilikuwa likizo nzuri, tusiseme uongo.

Wakati samaki wakiiva, Emiliana alitoa lililokuwa likimkaa kooni miezi minne. Siku ya maziko hakuonyeshwa uso wa mumewe. Watu wenye mavazi meupe walizika, yeye amesimama nje ya uzio kama mpita njia.

"Maua ninayokuletea kaburini kila Jumapili unayapata?"

"Siyapati, mama Editha. Anapata Mzee Yahaya. Mifuko inafanana, wakatubadilisha. Mimi nimelala penye kibao chake, safu ya pili."

"Na huko ukoje?"

"Sijambo. Kila Alhamisi binti yake, Shakila, ananisomea Yasini. Anasoma vizuri huyo mtoto! Ila mzee mwenyewe analalamika. Rozari yako ameisikia mpaka ameikariri."

Noeli akacheka. Emiliana hakucheka, uchungu ulimpanda, akatupa mwiko chini.

"Machozi yangu yote yale, jamani, kwa mtu nisiyemjua?"

"Anakushukuru sana," akasema Luka.

"Asinishukuru! Nataka jina lako likae ulipo wewe. Na litakaa."

Walilala hapo bwawani. Jumapili jioni Luka aliwaaga watoto mmoja mmoja, taratibu, maana Februari walinyimwa kumuaga. Akaushusha mfuko wake, akaondoka kwa miguu.

Jumatatu saa moja na nusu Emiliana alikuwa ofisi ya makaburi. Karani, Meshack, alimsikiliza mpaka mwisho. Habari ya Luka kuja bwawani hakuibishia. Alisema msimu huu wengi wanakuja. Akafungua daftari. Namba za mifuko hazikuonyesha kosa lolote.

"Kubadilisha kibao lazima marehemu aje mwenyewe, na kitambulisho."

"Kitambulisho mlikichoma pamoja na nguo zake."

"Basi aende polisi akatoe taarifa ya kupotelewa."

"Hakikupotea. Mlikichoma."

Meshack akapekua droo, akaifunga. "Hilo halina fomu, mama."

Alhamisi Emiliana alikwenda safu ya pili. Shakila alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitabu mkononi. Emiliana akamweleza yote. Msichana alilia, akajifuta kwa mtandio, akauliza jambo moja tu.

"Baba yangu yuko peke yake?"

"Hapana mwanangu. Kila Jumapili nipo naye."

Shakila akamaliza Yasini palepale, maana Luka alishaizoea, kisha wakaenda pamoja kwenye kaburi lenye jina la Luka, akamsalimia baba yake kwa mara ya kwanza tangu Februari. Vibao hawakuvigusa. Kuvigusa ni kosa la jinai, imeandikwa getini.

Jumatatu iliyofuata walikuwa wawili kwenye benchi la ofisi. Meshack aliwaambia fomu haijaja, na hajui kama itakuja. Emiliana akamshukuru, akasogea kidogo ili Shakila akae vizuri. Wakaendelea kukaa.