Mistari ya Fundi

Kosa la fundi cherehani lilikuwa usafi. Mkewe alipolazwa hospitali, alimwachia kazi moja tu: tangi la samaki la sebuleni, ambamo alikuwa amepanda vijishina vya jani la kutambaa, kimoja kimoja kwa kibanio, ili litande mchangani kama zulia.

"Fundi, nikirudi nilikute limefika kwenye kioo," alisema.

Wiki ya pili majani yakageuka njano, yakaanza kuoza. Na bwana yule, asiyevumilia hata uzi mmoja uliochomoza kwenye shati, akang'oa yote akatupa. Loo!

Kila akienda hospitali aliulizwa. "Linatambaa," alijibu, macho sakafuni.

Siku moja mkewe akasema, "Jamani, nilisahau kukwambia. Majani ya mwanzo huoza. Yalikuzwa nchi kavu, hayajazoea kuzama. Mizizi ikiachwa, huchipua mengine. Usije ukang'oa tu."

"Aa, wapi! Nina wazimu?"

Hapo daktari alikuwa ameshamwita pembeni: amrudishe mgonjwa nyumbani, hakuna dawa tena. Fundi akaenda moja kwa moja kwa muuza samaki, akanunua vijishina vipya, akavipanda jioni hiyo hiyo, mikono ndani ya maji hadi viwiko, huku analia.

Kitanda cha mgonjwa kikawekwa mbele ya tangi. Alitazama kitambo kirefu.

"Fundi."

"Naam, bibie."

"Mimi nilipanda ovyo ovyo. Hii mistari imenyooka kama pindo la suruali."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa, akamshika mkono. "Muongo wee! Sasa haya usiyaguse."

Siku ya tisa akafariki. Wiki hiyo hiyo majani yakaanza kuoza. Shemeji yake fundi, dada wa marehemu, alisema maji yananuka, afadhali yamwagwe.

"Thubutu!" fundi alifoka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Tangu hapo akawa anashinda mbele ya kioo, mikono ameikalia, asije akajisahau.

Asubuhi moja, chini ya uozo, akaona kijani. Kidogo, hakizidi kichwa cha pini.

"Bibie, njoo uone!" aliita, akageuka.

Kitanda alikuwa amekitandika mwenyewe, shuka limenyooka, halina kunjo hata moja.